Mazungumzo ya Nyumbani: Kwenda Kuliamkia Kanisa la Mkunazini



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuweka akiba ya fedha ya korosho, ili isiyeyuke kabla ya masika. Baada ya gazeti kutoka, wasomaji wawili wakanijia na swali moja. Wakauliza: Je, yafaa Mkristo atumie sehemu ya akiba ile kwenda mbali kulitazama kanisa kuu, hali kanisa la kijijini kwake linavuja? Swali hili si la mchezo, wala sikuweza kulijibu kwa neno moja, maana wakati ule ule lilikuwa limezuka katika mtaa wetu wenyewe hapa Newala, nalo lilituweka barazani jioni nyingi. Basi leo nitawaeleza jinsi tulivyoipanga safari yetu ya Unguja, kwenda katika Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini. Na jinsi bibi mmoja mzee alivyoibomoa mipango yetu na kutufundisha kuijenga upya. Kila mwenye nia ya safari kama hiyo atapata humu la kumfaa.

Desturi ya kusafiri kwenda kuona kanisa kuu si ngeni duniani. Huko Uingereza iko miji midogo ya kale ambayo heshima yake kubwa ni kanisa kuu lake, kama vile Wells, na Ely, na Canterbury. Katika mji wa Canterbury, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa mwaka 1170, na kwa miaka mamia watu walikwenda kwa miguu kutoka mbali kuomba mahali pale, hata vidato vya mawe vikalika kwa miguu na magoti yao. Wala mji ule haukosi mtu wa kwetu katika habari zake. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni Unguja, alipelekwa kusoma Canterbury, katika Chuo cha Mtakatifu Agostino, katika miaka ya 1880. Aliporudi akawekwa shemasi mwaka 1886, akatumwa Chitangali, katika nchi hii yetu. Na mwaka 1890 akapewa ukasisi huko Unguja, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo.

Lakini mtu wa Newala asiye na nauli ya ndege asihuzunike. Yeye naye ana mji wake wa kale, wenye vichochoro vyembamba na nyumba za mawe na kanisa kuu katikati, nao uko ng'ambo ya mkondo wa bahari tu.

Mimi mwenyewe nalikwenda Unguja mara moja, yapata miaka 20 iliyopita, nikiwa kijana. Twalikwenda kwa haraka, watu watano, bila kuuliza neno kwa mtu. Twaliingia kanisani kwa muda wa saa moja, tukapiga picha kwenye nguzo, tukatoka kwenda kununua karafuu na viungo, na kesho yake tukarudi. Nilipofika nyumbani, mama yangu akaniuliza, “Umeona nini?” Nikasema, “Nimeona kanisa kubwa.” Akaniuliza tena, “Nani amekupokea?” Sikuwa na jibu. Akasema, “Basi hukwenda ugenini, ulipita njia.” Neno lile nimekaa nalo tangu siku ile. Ndiyo sababu vijana wa kwaya walipokuja mwaka huu kuniomba niwaongoze kwenda Unguja, nalifurahi, tena naliogopa.

Basi tukakutana barazani, wazee wa kanisa, kwaya na akina mama. Vijana walikuwa wamekwisha andika mpango wao katika karatasi: siku ya kwanza kuogelea, siku ya pili kisiwani kuwaona kobe wakubwa, jioni kula Forodhani, na kanisa likapewa asubuhi moja, kati ya chai na kwenda dukani. Mweka hazina wetu akasimama akasema, “Mabati ya kanisa bado hayajatimia, na mvua haitungoji turudi kutoka kuogelea.” Kijana mmoja akajibu kwamba fedha ni yake, ametoka jasho lake mwenyewe katika mikorosho, wala si sadaka. Maneno yakawa makali kidogo. Mzee mmoja, ambaye ni mjomba wa watu wengi pale, akawanyamazisha, akasema, “Na tumwulize Bibi. Yeye ndiye mwenye kwao Unguja.”

Bibi huyu ana umri uliopita miaka 80. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa ameniomba nisiliandike. Bibi yake, yaani mzaa mama yake, alikamatwa akiwa mtoto mdogo upande wa ziwa la Nyasa, akapelekwa pwani katika msafara, akatiwa katika jahazi usiku. Baharini jahazi likakamatwa na watu wa manowari ya Kiingereza, na yeye pamoja na wenzake wakakabidhiwa kwa misheni. Akalelewa Mbweni, nje ya mji wa Unguja, akajifunza kusoma na kushona; alipokua akaolewa na mwalimu, wakatumwa huku kwetu kufundisha. Hivyo ndivyo ukoo ule ulivyofika Newala.

Tulipomwuliza Bibi kama atakwenda pamoja nasi, akatikisa kichwa. Akasema, “Ninyi nendeni. Mimi sina haja ya kulipa nauli kwenda kupaona mahali alipouzwa bibi yangu.” Yule kijana, kwa nia njema kabisa, akasema, “Twende, Bibi. Si wasema wenyewe, mkataa kwao mtumwa?”

Baraza lote likanyamaza. Kijana alikuwa hajui alilolisema. Bibi akamtazama kitambo, asimkasirikie, akasema, “Mjukuu wangu, methali hiyo waliitunga watu waliokuwa na kwao. Bibi yangu hakukataa kwao. Alichukuliwa. Nami nilipokuwa mtoto, tulipogombana na wenzetu kisimani, walituita watu wa mateka. Basi usinipe methali hiyo.” Akachukua mkongojo wake, akaenda zake. Nasi tukaondoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri.

Usiku ule sikulala vema. Nalifikiri, hawa watoto wetu wanaimba vizuri, wanajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, lakini hawajui kwa nini nyumba moja kijijini husikia uchungu methali ile inapotajwa. Na kosa hilo si lao. Ni letu sisi walimu na wazazi. Asubuhi nikaenda kwa Bibi kumwomba radhi kwa ajili ya baraza lote. Akanipa kigoda, akaniletea mihogo, tukazungumza.

Nikamwomba anieleze yote aliyoyasikia kwa bibi yake. Alikuwa na miaka minane mzee yule alipofariki, na mengi anayakumbuka. Miongoni mwa hayo akaniambia jambo moja la kuchekesha. Alisema, “Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba mara ya kwanza alipopelekwa kuabudu katika kanisa kubwa la mjini, alikataa kuingia, kwa sababu watu walimwambia paa lile halina mbao wala boriti, nalo litawaangukia wote.”

Niliposikia hayo, nikasimama. Nikamwuliza, “Bibi, una hakika alisema paa?” Akajibu, “Nina hakika. Tulicheka kila mara.”

Wasomaji, sasa fuateni hesabu ya miaka pamoja nami, kama nilivyomhesabia Bibi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Mahali pale pa soko misheni ikapata uwanja, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule wa 1873. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa alilifanya la kuba, kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, pasipo boriti. Na watu wengi mjini walisema halitasimama. Limesimama hata leo. Biashara ya watumwa haikukoma papo hapo baada ya soko kufungwa. Iliendelea kwa siri, usiku, katika majahazi, na kwa sababu hiyo manowari iliyoitwa London ilikaa bandarini Unguja kwa miaka karibu kumi, ikizituma mashua zake kuyafukuza majahazi yale.

Basi ikiwa mtoto yule alifika Unguja na kulikuta paa juu ya kanisa, soko lilikuwa limekwisha fungwa zamani. Hakuuzwa Mkunazini, wala soko lile hakuliona kwa macho yake. Alilikuta kanisa.

Bibi akakaa kimya muda mrefu, mkono shavuni. Kisha akasema, “Kumbe hakuuzwa pale. Aliimba pale.” Akasema tena, “Miaka yote hii nalipachukia mahali ambapo yeye alikwenda amevaa nguo nyeupe.” Mimi sikupata neno la kusema. Baadaye akasema, “Nitakwenda. Lakini kwanza nipelekeni Mbweni, alikofundishwa kusoma. Ndipo mnipeleke mjini. Wala msinipeleke kwenye minyororo kabla sijaingia kanisani.”

Hapo ndipo mpango wetu wa zamani ulipobomoka. Tuliita baraza tena, nami nikaomba ruhusa ya Bibi kueleza habari yake, naye akanipa. Yule kijana alipiga goti mbele yake, akamwamkia na kuomba radhi, naye akamwambia, “Utanishika mkono melini.” Tangu siku ile safari yetu haiitwi tena ya kutazama, yaitwa ya kuamkia. Mtu akienda kutazama, huuliza kuna nini. Akienda kuamkia, huuliza kuna nani. Na sasa nitawapa mpango wenyewe kwa utaratibu, ili nyumba nyingine ziutumie.

Kwanza, majina. Kabla ya kuhesabu nauli, kila nyumba imeulizwa kama yuko wa ukoo wao aliyepita Unguja, kwa utumwa, au kwa shule, au kwa kazi, au kwa ndoa. Tumeyaandika majina katika daftari moja. Tulidhani tutapata matatu, tumepata 11. Wengi wao walisoma Kiungani, katika chuo cha wavulana, au walilelewa Mbweni. Nawashauri msiliahirishe jambo hili, kwa maana nauli hupatikana mwaka mwingine, lakini mzee akiondoka, hatumpati tena wa kumwuliza.

Pili, fedha. Tumeweka sharti: sanduku la mabati lina ufunguo wake, wala halitaguswa, na asiyetoa fungu lake la mabati asiandike jina lake katika safari. Vijana walinung'unika siku mbili, kisha wakatoa, na mabati yametimia mapema kuliko tulivyotumaini. Nauli ya Bibi tumeichanga sote, kila mtu kidogo. Weka fungu la nauli ya kwenda na la nauli ya kurudi katika mifuko miwili mbalimbali. Aliyekula nauli ya kurudi huwa mzigo wa wenzake.

Tatu, majira. Juni hata Agosti sisi tumo katika kupuliza salfa mikorosho, tena kusi huvuma na bahari huchafuka. Oktoba na Novemba ni kuokota korosho na kuzipeleka ghalani, na fedha bado. Machi hata Mei ni masika. Basi tumechagua siku za baada ya Krismasi: fedha ya minada mingi imekwisha fika, na watoto hawajarudi shule. Palizi imekwisha anza, ni kweli. Kwa hiyo kila nyumba imekubali kuacha mtu mmoja shambani. Tena itazameni kalenda, kama Mfungo wa Ramadhani waangukia siku zenu. Si vibaya kwenda wakati ule, ila mjue ya kwamba mchana vyakula ni shida, na kula njiani mbele ya waliofunga si adabu.

Nne, karatasi. Mwombeni padre wenu aandike barua ya utambulisho kwa wazee wa kanisa la Mkunazini, miezi miwili kabla, aeleze mko wangapi, mna wazee wangapi, na ni Jumapili gani mtakayoabudu pamoja nao. Atakayekwenda bila barua atapokewa kama mpita njia. Kila mtu achukue kitambulisho chake, maana hukaguliwa melini na bandarini. Na mwenyeji wa nchi hulipa nauli ndogo kuliko mgeni wa Ulaya, akiweza kujionyesha kuwa mwenyeji.

Tano, njia ya bara. Hapa nawasihi msilale katika basi, au mkilala, aamshwe kila mtu penye maana. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliookolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Wakashuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea nchi za ziwa walikotoka. Lakini walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakakaa. Huo ndio mwanzo wa mji wa Wakristo Masasi. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wamagwangwara wakaushambulia, wakaua na kuchukua mateka. Na katika vita vya Majimaji mwaka 1905 misheni ikachomwa moto. Mara zote mbili watu walirudi wakajenga. Basi ninyi mnaposhuka kutoka Masasi kwenda Lindi, jueni kwamba mnaifuata njia ya watu wale kwa kurudi nyuma. Mkifika Nangurukuru, ulizeni Kilwa Kivinje iko upande gani, maana huko ndiko misafara mingi ya kutoka ziwa la Nyasa ilikoishia, na huko ndiko watu walikotiwa majahazini. Kisha mtavuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Waambieni watoto jinsi sisi tulivyokuwa tukingoja pantoni pale, tena wakati wa mafuriko tukangoja siku kadhaa. Safari ni ya siku nzima hata Dar es Salaam. Laleni huko kwa ndugu zenu, msikimbilie meli siku ileile na wazee wamechoka.

Sita, bahari. Meli za haraka huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Wengi wetu hatujazoea mawimbi. Kuleni chakula chepesi, kaeni katikati ya meli au nyuma, na aliye na ndimu aichukue. Wazee wakae karibu na mlango, wala si juu penye upepo.

Saba, Mbweni. Tutakwenda huko siku ya kwanza, kama alivyoagiza Bibi. Ni maili chache kusini mwa mji. Misheni ilikuwa na shamba pale, na katika miaka ya 1870 watu waliookolewa walipewa makao na viwanja humo. Kanisa la Mtakatifu Yohana lingalipo, na magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria yako karibu na pwani. Bibi Caroline Thackeray, aliyeiongoza shule ile miaka mingi, alifariki mwaka 1926 akazikwa pale pale. Wake wengi wa walimu wa kwanza wa Masasi na Newala walitoka katika shule hiyo. Tumezoea kuyataja majina ya mapadre na maaskofu, lakini walioleta huku kusoma kwa wanawake, na kushona, na kulea watoto wachanga kwa usafi, ni wasichana wa Mbweni. Tutasimama uani pale, na daftari letu litasomwa jina kwa jina.

Nane, Mkunazini. Tutaingia Jumapili, katika ibada, kama waabudu, ndipo Jumatatu tutembezwe. Wanaopenda kulala karibu wataulizia nyumba ya wageni ya Mtakatifu Monika, iliyo katika uwanja uleule. Ndani ya kanisa tazameni mambo haya. Mbele ya madhabahu kuna duara jeupe la marumaru sakafuni, limezungushiwa nyekundu; yasimuliwa kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa wakapigwa. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Steere, aliyefariki Agosti 1882. Liko na sanamu la msalaba lililochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Na mkilitazama sanamu lile, mkumbukeni Chuma, Myao, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani; baadaye akaongoza misafara ya misheni. Nyuma ya kanisa ziko nguzo ambazo, kama wasimulizi wasemavyo, mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati Askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Watoto watapenda kuzitafuta.

Baada ya hayo tutatoka nje kwenye shimo la ukumbusho. Ni kazi ya mchongaji mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998: watu watano wa mawe wamesimama shimoni, na minyororo shingoni mwao. Pale hatutapiga picha za kucheka. Anayetaka kulia na alie, na asiyeweza kutazama na akae kivulini, hakuna atakayelazimishwa.

Tisa, na hili ni la mwisho, adabu ya mji. Wenyeji wa Unguja walio wengi sana ni Waislamu, nao ni watu wa heshima na salamu. Akina mama wachukue khanga za kutosha, akina baba wasitembee kifua wazi, na vijana wasipige kelele vichochoroni. Tena mtu asiende kule na moyo wa kudai deni. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: walikuwako wanunuzi wa pwani na wa ng'ambo, na wenye mashamba ya karafuu, lakini walikuwako pia watu wa bara, hata wa makabila yetu wenyewe, Wayao wakiwa mbele, waliokamata na kuuza jirani zao kwa nguo na baruti. Wamakonde wengi walijificha katika vichaka vya uwanda huu wakiwakimbia watekaji, na si wote waliowatafuta walikuwa wageni. Akumbukaye hayo hatamnyoshea kidole muuza kahawa wa leo, ambaye hana kosa lolote. Atamwamkia, naye ataitikiwa.

Sasa narudi kwa wasomaji wangu wawili na swali lao. Ikiwa safari ni ya kutazama tu, na kanisa la kwenu lavuja, basi nunueni mabati kwanza. Jibu langu halina shaka. Lakini ikiwa kijijini kwenu kuna nyumba iliyonyamazishwa kwa methali, na watoto wasiojua, na mzee anayechukia mahali asipopajua, basi iko paa nyingine inayovuja, wala haiezekwi kwa mabati. Sisi tumeona kwamba yawezekana kuziezeka zote mbili, mradi kazi ianze nyumbani, wala si bandarini.

Sisi watu 18 tutaondoka baada ya Krismasi, ikiwa Mungu apenda. Bibi amekwisha nunua kitambaa cheupe, anashona mwenyewe, kwa mkono, nguo ya kuvaa Jumapili ile. Nalimwuliza jina la bibi yake tulitaje vipi huko Mbweni, kwa kuwa katika daftari tuna jina la ubatizo tu. Akaniambia kwamba liko na jingine, alilopewa na mama yake upande wa ziwa, ambalo mzee yule alimnong'oneza yeye peke yake. Hakulitaja kwangu. Alisema atalitaja mwenyewe, atakapofika.

Nanyi mtakaosoma haya, msingoje safari. Jioni hii, chakula kikiisha, mwulizeni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani: Ni nani wa kwetu aliyepita njia ile? Kaeni mmsikilize mpaka amalize, na aliye na kalamu aandike.

Kwaherini hata mwezi ujao.

Mimi mwalimu wenu.